Gari la Marehemu

Gari kuukuu la Kimarekani huwalaghai watazamaji kwa uso wake. Mfano mwema ni Mustang, gari ambalo Ford ililionyesha kwa watu mjini New York tarehe 17 Aprili 1964: pua ndefu, mkia mfupi, na farasi wa kung'aa anayekimbia kifuani mwake. Kijana wa Ohio aliyeachiwa na babake Mustang ya 1965, iliyolala bandani miaka mingi, hufungua kwanza boneti. Hilo ni kosa, ingawa ni kosa la mapenzi. Injini haifi kwa urahisi. Fundi aweza kuifungua, akachonga silinda zake, akatia pistoni mpya, nayo ikanguruma tena.

Hukumu iko chini. Mustang haina chasisi iliyo mbali na bodi. Mabati yaliyounganishwa kwa moto ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo kutu, ambayo kwa gari lenye chasisi yake yamkini ni ugonjwa wa ngozi, hapa ni ugonjwa wa mifupa. Na Ohio humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Wajuzi hubeba sumaku na kuipitisha chini ya milango: inapokataa kushika, pana puti na rangi, si bati. Kisha humimina maji katika matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Yakitoka pembeni na kuanguka ardhini, vema. Yakidondoka ndani penye miguu ya dereva, bati lililofichika limeoza, na kulifikia hutaka kufumua viungo vingi. Kazi hiyo yaweza kula fedha kuliko injini.

Na hesabu haina huruma. Mabati ya gari la silinda sita hutaka jasho lile lile litakwalo na gari lenye herufi K mahali pa tano katika namba yake, yaani V8 ya nguvu za farasi 271. Lakini sokoni la kwanza aghalabu halirudishi gharama. Mnunuzi mgeni angeliacha bila majuto. Mtoto wa marehemu hawezi. Huambiwa kuwa siku hizi bodi nzima mpya huuzwa, ahamishie humo injini, usukani na viti. Ushauri huo wamfaa atakaye kuendesha Mustang. Atakaye gari la babake hujiuliza kitabaki nini, ikiwa mlango alioegemea mzee kila jioni umetupwa jalalani. Basi hutia sumaku mfukoni, hujaza birika maji, kisha husimama mlangoni mwa banda muda mrefu kabla ya kuyamimina.