Katani Mezani

Karo ilipokwisha nilirudi nyumbani Kalama, na ukoo ukanipa kazi zote zisizo na mshahara: kujaza fomu za mtandaoni, kuandika mialiko, kupiga picha. Makala ninazolipwa hawazihesabu. "Lakini kazi utapata lini?" wajomba huuliza. Basi binamu yangu alipokaribia kuletewa mbuzi wa ntheo, na mtu wa mapambo kutoka Machakos mjini akataja bei iliyomfanya shangazi acheke kwa uchungu, macho yote yakanigeukia. Meza kumi na mbili. Pesa: shilingi elfu mbili.

Si utani, inatosha. Kwa wiki mbili niliokota chupa za sosi, mitungi ya jemu, maganda ya migunga na nyasi kavu za kando ya barabara. Kwa susu, nyanya yangu, nikatoa vibuyu vilivyopasuka na fungu la katani. Nilinunua mishumaa, unga wa ngano na kitambaa tu.

Susu akalitazama lile rundo. "Wageni wanakuja na mbuzi wao, halafu sisi tuwaonyeshe kwamba hatuna?"

Nikamwonyesha simu: harusi za Nairobi, chupa zimezungushiwa kamba ya katani, na watu wamelipa pesa nzuri kwa hiyo sura ya kijijini. Hakuvutiwa. Mimi nikiona kibuyu naona urembo. Yeye anaona miaka ya kubeba maji. Maua ya plastiki yaliyo kwenye kabati lake aliyanunua moja moja, kila moja ushahidi kwamba ametoka mahali akafika pengine. Na katani anaijua. Miaka ya 1970 na 1980, viondo vya Ukambani vilipopendwa sana Ulaya na Marekani, yeye alikuwa akisuka. Faida, anasema, ilipanda ndege pamoja na viondo.

Swali lake lilikuwa la haki. Kitu cha bei rahisi mezani kinaweza kusema "tumechagua" au "tumekosa", na mgeni huisikia tofauti hiyo kabla hajaketi.

Susu akachukua chupa yangu ya kwanza, akavuta ncha ya uzi. Kazi yote ikafumuka. "Kama lazima waone katani," akasema, "basi waone iliyosokotwa."

Tukaanza upya. Chupa zililala kwenye maji moto hadi karatasi zikabanduka; gundi iliyobaki tuliisugua kwa mafuta ya kupikia na majivu. Susu aliketi chini, akasokota nyuzi pajani, mbili kwa mbili, hadi kamba ikawa nyembamba na ngumu. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa ngano. Ipike siku unayoitumia, maanake panya wanaipenda kuliko wewe. Unapaka kidogo kidogo, unaanzia chini, kila mzunguko unabana uliotangulia. Ndani ya chupa tulitia mchanga wa mto ili upepo wa mlimani usiiangushe. Mbegu za mbarika, ingawa ni nzuri kwa macho, tuliziacha: zina sumu, na watoto hawakosi mezani. Mishumaa tuliiweka kwenye mitungi yake, mbali na nyasi kavu. Kila pambo lilikuwa fupi kuliko kidevu cha aliyeketi, kwa sababu watu wa ntheo wamekuja kuongea, na huwezi kujadiliana mahari na kichaka.

Vibuyu vilivyopasuka susu alivishona nyufa kwa katani, kama zamani. Nilitaka kuzificha nyufa upande wa nyuma. Yeye akazigeuza mbele.

Siku yenyewe, shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi aliinua kibuyu, akapitisha kidole juu ya mshono, akauliza ni mkono wa nani. Susu akajibu kabla sijafungua mdomo, na akataja majina yetu wote wawili. Jioni meza tatu tu ndizo zilizobaki na chupa. Nyingine zilikuwa zimeondoka kwenye mikoba ya wageni.

Wiki mbili baadaye nikapata oda ya kwanza ya kulipwa, meza nane, Machakos mjini. Nikamwendea susu kununua kamba na kumtajia bei ya kila mita. Akanitazama kama anavyowatazama madalali.

"Ya viondo ilipanda ndege," akasema. "Hii haitoki hapa kwa bei hiyo."

Nikaongeza.