Mashine Inapogoma Kusasishwa

Miaka ile Windows XP ilipokuwa imetamalaki katika kompyuta zote za mezani za steshenari yetu ya Nguvumali, programu ya kusasisha ilipogoma hatukuhitaji kuumiza vichwa, kwa maana sababu ilijulikana na kila mtu, kuanzia mwenye duka hadi kijana wa fotokopi: njia ya intaneti ilikuwa nyembamba mno. Furushi la pili la masahihisho ya XP, lililotolewa Agosti 2004, lilizidi megabaiti 260, na kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hata lau laini isingekatika asilani, lingechukua zaidi ya saa kumi kushuka. Na laini, kama wajuavyo waliokuwako Tanga zama hizo, ilikuwa haikosi kukatika.

Kwa hiyo masahihisho yetu yalikuja kwa baiskeli. Kijana alitumwa Ngamiani, flashi mfukoni, akapakue faili kwenye intaneti kafe, kisha arudi nayo kabla mgao wa umeme haujatuwahi. Lakini ni flashi hizo hizo zilizotuletea Conficker, kirusi kilichozuka mwishoni mwa 2008, ambacho hila yake ilikuwa kuizima kwanza huduma ya kusasisha na kuzifunga njia za kuwafikia wenye antivairasi. Microsoft ilikwisha kutoa kiraka tangu tarehe 23 Oktoba mwaka huo. Illa mashine iliyokikosa ilikuwa sasa imezuiwa kwenda kukichukua. Namkumbuka fundi akiandika services.msc, akiteremka hadi mstari wa Automatic Updates, akikuta pameandikwa Disabled. Akairudisha huduma, akawasha mashine upya, na ilipoamka huduma ilikuwa imekwisha kuzimwa tena.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010, na bando likawa kitu cha kununuliwa dukani pamoja na sukari. Tulidhani taabu imekwisha. Kumbe ilikuwa imehama tu, kutoka njiani hadi mlangoni. Kwani programu za kusasisha za siku hizi, kwa hadhari ambayo siilaumu, hazipokei kitu ila kwa ithibati ya aliyekileta.

Ndiyo maana fundi wa leo, akiletewa kompyuta kuukuu, hutupa jicho kwanza kwenye pembe ya kioo. "Fundi, bando ninalo, mbona inagoma?" huuliza mteja. "Mama, mashine yako iko mwaka gani?" Betri ile bapa ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu ikishakufa, umeme ukikatika usiku kompyuta huamka asubuhi imerejea tarehe ya kiwandani, na hati ya utambulisho iliyoanza kutumika mwaka jana huiona kama haijazaliwa bado, ikaikataa. Betri hubadilishwa, saa ikawekwa sawa, na kisasishi, ambacho mwenyewe alikuwa tayari kukifuta na kukipachika upya kwa gharama, huanza kazi kana kwamba hapakuwa na neno.

Si kila mara dawa huwa nyepesi hivyo. Mwaka 2019 Windows 7 ilitakiwa ijifunze kuisoma sahihi mpya ya SHA-2, na mashine zilizokuwa zimezimwa pembeni bila kupata kiraka hicho zikakataa masahihisho yote yaliyofuata, hadi kilipopachikwa kwa mkono. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma, huletwa pia kompyuta ambazo kisasishi chake hufunguka vizuri kabisa ila hakina jipya la kuleta, wala hazipokelewi na Windows 11 kwa kukosa kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Nyingi ni zile za mitumba kutoka ng'ambo, nzima kabisa, zenye kuweza kuchapa barua miaka kumi mingine. Baadhi ya mafundi huzipachika Linux Mint. Wateja hunung'unika juma moja hivi, kisha huendelea na barua zao.