Butaro: Hospitali Ambayo Mgonjwa Anaona Milima

Mimi ni bwana shamba katika wilaya ya Ngara. Kazi yangu ni migomba, maharage na udongo. Lakini leo sitaandika juu ya mbolea. Nataka kukueleza juu ya hospitali niliyoiona nchini Rwanda. Hapo wanatibiwa wagonjwa wa saratani, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa.

Mwezi wa Julai mwaka 2023, mabwana shamba sita tulikwenda Rwanda kujifunza kilimo cha matuta ya ngazi. Tulivuka mto Kagera pale Rusumo, tukapita Kigali, kisha tukapanda milima ya kaskazini hadi wilaya ya Burera. Huko ni baridi. Asubuhi nilivaa koti na bado nilitetemeka. Vilima vimekatwa matuta toka chini hadi juu. Watu wanalima viazi mviringo, na maharage yao yanapanda juu ya miti kama mizabibu. Lugha yao haiko mbali na Kihangaza chetu. Nusu ya maneno nilielewa, nusu nilikisia.

Siku ya tatu mwenyeji wetu, bwana shamba mwenzangu, aliniambia, "Shangazi yangu amelazwa Butaro, pale juu kilimani. Nampelekea uji. Twende pamoja."

Nilisita kidogo. Nieleze sababu.

Mwaka 2009 mama yangu aliota uvimbe katika ziwa la kushoto. Haukumwuma, kwa hiyo alinyamaza miezi mingi. Nilipojua, nilimpeleka hospitali moja kubwa, mbali na kwetu. Waganga walisema ni saratani, na kwamba atapewa dawa kwa dripu, mara nyingi, akirudi kila baada ya wiki tatu. Tulingoja katika ukumbi mrefu usio na dirisha. Taa moja ilikuwa ikizimika na kuwaka. Waliokohoa, waliolia, wenye vidonda, wote tulibanana humo. Mama alikaa sakafuni toka asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Alipata dripu ya kwanza. Siku ya kurudi ilipofika, alikataa. Aliniambia, "Mwanangu, pale mahali panaua kabla ya ugonjwa." Nilimsihi, na baba mdogo alimsihi. Hakurudi tena. Alifariki mwaka uliofuata.

Sijui kama dawa ingemponya. Lakini najua kwamba hakuikimbia dawa. Aliukimbia ule ukumbi.

Basi, tulipanda Butaro. Hospitali imejengwa juu ya kilima. Ilifunguliwa mwezi wa Januari mwaka 2011. Kabla ya hapo wilaya ya Burera, yenye watu zaidi ya 300,000, haikuwa na hospitali ya namna hiyo. Iliyoijenga ni Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health. Ramani ilichorwa na vijana wa Marekani waitwao MASS Design Group. Mwaka 2012 kituo cha saratani kilifunguliwa hapo hapo. Mwaka 2013 likaongezwa jengo la wagonjwa wanaokuja kupewa dawa na kurudi kwao bila kulazwa.

Kitu cha kwanza nilichotafuta ni ukumbi wa kungojea. Sikuuona. Njia za kutoka wodi hii hadi wodi ile ziko nje, chini ya paa, na upepo unapita. Watu wanakaa kwenye mabenchi penye hewa. Katikati ya kiwanja wameacha mti mkubwa, jamaa ya mkuyu, ambao wao huuita umuvumu. Jengo limeupisha mti. Chini yake nilikuta kina mama wakisuka ukili na mzee mmoja amelala usingizi.

Wodini ndipo nilipostaajabu zaidi. Katika wodi nyingi vitanda hupangwa ukutani, na mgonjwa humtazama mgonjwa mwenzake akiteseka. Hapa ukuta mfupi umepita katikati ya chumba. Vichwa vya vitanda vimeegemea ukuta huo, na kila mgonjwa anatazama nje. Kila mmoja ana dirisha lake. Shangazi wa mwenzangu alikuwa akitazama bonde na matuta ya viazi. Tulipomsalimu, hakuanza na habari ya maumivu. Alimwuliza mpwa wake, "Yule mwenye shamba lile pale, mbona hajavuna? Viazi vitaoza."

Nilimwuliza muuguzi kwa nini madirisha ni mengi hivyo, na wagonjwa hawasikii baridi? Alijibu, "Baridi tunaiweza kwa blanketi, mzee. Hewa chafu haina blanketi." Akaeleza kwamba dawa za saratani hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Mtu anayetumia dawa hizo akibanwa chumba kimoja na mwenye kifua kikuu, anaweza kupona hili akafa na lile. Kwa hiyo dari ni ya juu, kuna feni kubwa sana, na karibu na dari kuna taa maalumu za kuua vijidudu vya hewani. Kumbe kitu kile kile kinachomtuliza mgonjwa ndicho kinachomkinga.

Sasa nikuambie juu ya mawe, maana hayo ni ya kazi yangu. Burera iko karibu na milima ya Virunga, iliyotoka moto zamani. Mashamba yamejaa mawe meusi yenye vitundu. Wakulima huyaondoa na kuyarundika pembeni, kwa sababu yanavunja majembe. Waashi wa huko waliyachukua mawe hayo, wakayachonga na kuyapanga vizuri hata udongo wa kuunganisha hauonekani. Watu karibu 4,000 wa maeneo hayo walifanya kazi na kujifunza kazi. Hata msingi ulichimbwa kwa mikono, si kwa tingatinga. Mwenzangu alinionyesha ukuta mmoja akasema baba yake alibeba mawe yake. Mtu wa namna hiyo haogopi kuingia mlango wa hospitali.

Nilirudi Ngara na daftari la matuta, na nyuma ya daftari nimechora wodi.

Kijijini kwetu tunajenga zahanati. Zahanati haitibu saratani, lakini muuguzi aliyefunzwa anaweza kumpima mama dalili za saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia siki, na kumtuma hospitali mapema. Nilikwenda kuitazama ramani. Chumba cha kupimia kina mama kilikuwa mbele, kando ya mlango, na dirisha lake linatazama kituo cha bodaboda. Watu wa kungojea wamewekwa ndani, katika njia nyembamba ya giza. Na mwembe mkubwa uliopo kiwanjani ulikuwa umepigwa alama ya kukatwa.

Nilisema katika mkutano. Fundi alikasirika. Alisema, "Bwana shamba, wewe pima mashamba, nyumba tuachie." Mwenyekiti alisema kubadili ramani ni gharama. Nikauliza, gharama gani kukigeuza chumba kitazame nyuma, kwenye migomba? Ndipo mama mmoja mzee, ambaye hazungumzi mikutanoni, akasimama akasema kwamba yeye kwenye chumba kile cha bodaboda hataingia hata akifa. Kina mama wengine wakacheka, kisha wakasema na wao vilevile.

Mwembe umeachwa. Chumba kimegeuzwa, na fundi amekubali baraza la nje lenye paa, ingawa bado hanisalimii. Madirisha tumeahirisha, kwa sababu fedha za nondo hazijatosha. Jumamosi tunakutana tena kiwanjani na kamba ya kupimia. Mimi nitakuja na daftari langu.