Cheti cha kuchora mitandao: je, kinastahili feza za nyumba?



Wengi wenu mnanijua kama yule mama anayepanda ngazi kuvuta nyaya za intaneti katika ofisi na shule za hapa Bukavu. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa. Sasa ni miezi mitano, watoto wakisha kulala na umeme ukiwapo, ninasoma kwa ajili ya mtihani mwingine: mtihani wa kuchora ramani za mitandao. Katika likirimba yetu nilisema kwamba zamu yangu ikifika, sehemu ya feza itaingia humo. Mama mmoja akaniuliza: "Karatasi hiyo italeta bugali?" Swali lake ni la haki. Ninalijibu hapa kwa sababu wengi wenu mna mtoto anayewaomba feza za vyeti vya kompyuta, nanyi hamjui mseme ndiyo au hapana.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Fundi wa mtandao huunganisha vifaa ili vizungumze. Mchoraji humtangulia. Ni kama nyumba: kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, mtu amekwisha kuuliza ni watu wangapi watalala humo, maji ya mvua yatapita wapi, na udongo wa mlima utabeba ukuta au hapana. Sisi wa Bukavu tunajua mvua inaifanya nini nyumba iliyojengwa bila maswali hayo.

Katika masomo haya nimejifunza kwamba ramani ya mtandao haianzi na mashine. Inaanza na watu. Hospitali ikikosa mtandao kwa dakika kumi, nani anaumia? Duka la vitenge likikosa dakika hizo hizo, nani anaumia? Majibu si sawa, kwa hiyo na feza za kutumia si sawa. Mtu akikuambia mtandao wake unafanya kazi asilimia 99.9 ya wakati, utadhani ni siku zote. Piga hesabu: inabaki karibu saa 9 kwa mwaka bila mtandao. Ukitaka asilimia 99.999, zinabaki dakika 5 tu hivi kwa mwaka. Lakini kila tisa unayoiongeza ina bei yake: kifaa cha pili, njia ya pili, betri, na mtu wa kuvitunza. Mchoraji ndiye mwenye kusema: hapa inatosha, zaidi ya hapa ni kutupa feza.

Nimejifunza pia kuhesabu njia vizuri. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ndugu zetu wa Goma walikosa maji na umeme katika mitaa mingi, kwa sababu lava ilipita palepale mabomba na nyaya zilipopita. Nyaya mbili ndani ya mtaro mmoja ni waya mmoja. Mlima ukiporomoka, zote zinakatika pamoja. Mama wa nyumba anajua hesabu hii zamani. Hawezi kusema ana akiba ya maji kwa kuwa ana bidoni mbili, kama zote mbili zinangoja bomba moja.

Na msifikiri kwamba ni elimu ya wanaume. Mwaka 1985 mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, alitengeneza njia ya kuzuia ujumbe usizunguke bila mwisho pale vifaa vinapounganishwa kwa njia zaidi ya moja: vifaa vinakubaliana njia ya kutumia, na nyingine inakaa akiba mpaka siku ya shida. Mpaka leo mafundi wanajifunza kazi yake. Hata Cisco, kampuni inayotoa mtihani huu wangu, ilianzishwa mwaka 1984 na mume na mke, Leonard Bosack na Sandy Lerner.

Sasa tuje kwenye feza. Mtihani ninaousomea ni wa dakika 90, na bei yake ni dola 300, bila kodi. Ukiushinda unapata cheti cha ubingwa wa kuchora mitandao. Ukiongeza mtihani mwingine mkubwa wa dola 400, unapata cheti cha juu zaidi kinachoitwa CCNP. Juu yake kabisa kuna cheti cha wachoraji wakubwa, CCDE. Hicho kina mtihani wa maswali wa dola 450, halafu mtihani wa saa 8 wa dola 1,600. Katika saa hizo 8 hugusi kifaa hata kimoja. Unapewa barua na michoro ya kampuni, unachagua na kutoa sababu, halafu wanabadilisha hali katikati, kama maisha yanavyofanya. Tena mtihani huo hufanyiwa mahali pachache duniani, kwa hiyo kwetu sisi ni tiketi ya ndege na viza juu ya zile dola 2,050. Ukishindwa, unalipa upya. Na vyeti hivi si kama diploma ya taifa ambayo unaiweka katika sanduku mpaka uzee: vinadumu miaka 3, halafu unatakiwa kusoma au kufanya mtihani tena.

Kuna bei nyingine isiyoandikwa. Mtihani uko kwa Kiingereza, na sisi tulisoma kwa Kifaransa. Kila ukurasa ninausoma mara mbili: mara ya kwanza kwa lugha, mara ya pili kwa maana. Saa mbili za usiku ni saa mbili zilizotolewa kwa usingizi au kwa watoto. Nyumbani kwangu baba watoto amechukua kazi ya kuwalaza wadogo siku nne za juma. Kama asingekubali, mimi ningesoma nikisinzia, na feza zingekuwa zimekwenda bure.

Je, faida iko wapi? Niseme ukweli: hapa mjini matangazo ya kazi yanayotaja cheti hiki ni machache. Benki, kampuni za simu na mashirika makubwa huyataja. Kwa mwenye duka au mkuu wa shule hakina maana yoyote, yeye anataka intaneti ifanye kazi. Lakini mimi nimeona kwamba ninalipwa kwa siku kuvuta nyaya, huku ramani imelipiwa mara nyingi zaidi kwa mtu aliyeichora mbali, ambaye hajui kwamba kwetu mvua ya mwezi wa kumi na moja inakata barabara. Nataka siku moja ramani hiyo ichorwe hapa, na jina langu liwe chini yake.

Tena elimu imeanza kulipa kabla ya karatasi. Miezi miwili iliyopita wenye zahanati moja ya wazazi walitaka njia ya pili ya intaneti, na walikuwa wameweka feza za waya wa pili kando ya ule wa kwanza. Niliwauliza maswali niliyojifunza: nini hakiwezi kungoja? Walisema, simu ya kuita gari la wagonjwa na orodha ya dawa. Basi njia ya pili ikapitishwa hewani, kwa antena inayotazama mlima wa ng'ambo, ndogo lakini mbali kabisa na ule mtaro. Bei ilipungua. Kazi hiyo nililipwa kama mchoraji, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Dola 300 nitazilipa, baada ya minervali ya muhula huu, si kabla yake. Ule mtihani wa dola 400 utangoja, na utalipwa na kazi za ramani zenyewe. Kazi hizo zisipokuja, sitaufanya. Cheti kikubwa cha CCDE nakiacha. Ni kizuri, lakini kwa mtu ambaye mwajiri wake anamlipia tiketi. Kuuza shamba au kukopa kwa ajili yake, nasema hapana.

Ninyi ambao watoto wanawaomba, waulizeni mambo matatu. La kwanza: nani hapa karibu anakihitaji cheti hicho? Alete matangazo matatu ya kazi yanayokitaja kwa jina. La pili: mikono yake imekwisha kufanya nini? Mtihani wangu hauombi diploma wala cheti kingine, mtu yeyote mwenye feza anaweza kujiandikisha. Lakini wenyewe wanashauri mtu awe amefanya kazi miaka 3 hadi 5. Kijana aliyetoka shule juzi aanze na cheti cha chini, au aanze kubeba ngazi nyuma ya fundi. La tatu: atasoma saa ngapi, na nani atabeba kazi zake za nyumbani saa hizo? Swali hili muulizeni hasa kwa ajili ya binti, kwa sababu kaka yake hupewa muda wa kusoma bila kuuomba, naye anapewa masufuria.

Na akija na mtu anayeuza maswali "yaliyotoka ndani ya mtihani", mfukuzeni. Ni wizi, anaweza kunyang'anywa cheti, na siku ya kazi hatajua kitu.

Mimi ninasoma Jumanne na Alhamisi usiku, na Jumamosi mchana baada ya soko. Jumamosi mlango uko wazi. Mama mwenye binti anayesoma elektroniki au kompyuta amtume kwangu na daftari. Kitabu ni kimoja, lakini meza ni kubwa, na kumfasiria mwenzangu kunanisaidia mimi pia kuelewa.