Chini ya Sakafu ya Shule

Msomaji, yamkini umekwisha kusoma katika kitabu chako cha historia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa na utawala wa Hitler. Sentensi hiyo ni fupi, na hesabu iliyomo ni kubwa kuliko akili iwezavyo kuichukua. Mimi ni mwalimu wa somo hilo. Nimeona mara nyingi jinsi wanafunzi wanavyoiandika daftarini, wakaipigia mstari, wakafunua ukurasa mwingine. Leo nataka nikuchukue katika ziara ya siku tano niliyoifanya nchini Polandi mwezi wa Oktoba mwaka 2018, pamoja na walimu wenzangu 15 wa nchi mbalimbali, upate kuwaona baadhi ya watu walio nyuma ya hesabu ile.

Kiongozi wetu alikuwa bibi wa makamo, mzaliwa wa mji wa Warsaw, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Siku ya kwanza baadhi yetu walimwuliza tutafika lini Auschwitz. Alijibu kwamba Auschwitz ni ya siku ya nne. "Kwanza mjue jinsi walivyoishi," alisema, "ndipo mtakapojua ni kitu gani kilichouawa." Niliuona mpango huo kuwa wa busara. Mtu akutanaye na wenzake mara ya kwanza wakiwa maiti huwakumbuka kuwa maiti tu.

Basi siku ile tulishinda katika makumbusho yaitwayo POLIN, yanayosimulia maisha ya Wayahudi katika nchi ile kwa muda wa miaka 1,000. Kabla ya vita walikuwa zaidi ya milioni 3, kama mtu mmoja katika kila watu kumi. Na katika Warsaw walikuwa karibu theluthi ya wakazi. Walikuwa washona nguo, mafundi viatu, wapagazi, matabibu na wapiga chapa. Waligombana juu ya dini na siasa kama sisi tugombanavyo. Lugha ya nyumbani ya wengi wao, Kiyidi, ilikuwa na mashairi yake, michezo yake ya kuigiza na magazeti yake ya kila siku. Jioni tulitembea katika mava ya mtaa wa Okopowa, yaliyofunguliwa mwaka 1806. Makaburi zaidi ya 200,000 yamo humo, na mengi yamemezwa na miti iliyojiotea yenyewe. Bibi yule alieleza sababu ya msitu huo kwa maneno machache: wajukuu ambao wangalikuja kupalilia hawakuzaliwa.

Aliposikia kuwa natoka Kenya aliniuliza kama naijua Uasin Gishu. Nilishangaa kulisikia jina hilo mbali namna ile. Lakini alikuwa na sababu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitoa shauri kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa katika Urusi wapewe makao katika uwanda huo wetu. Watu watatu walitumwa kuja kuutazama, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayoni ulilikataa shauri lile. Wenyeji wa uwanda hawakuulizwa neno.

Siku ya pili ndiyo iliyonikaa zaidi moyoni. Mwezi wa Novemba mwaka 1940 Wajerumani walikwisha kuifunga sehemu ya mji kwa ukuta, wakawasonga ndani yake watu zaidi ya 400,000. Mahali pa namna hiyo huitwa geto. Chakula kilichoruhusiwa kuingia hakikuweza kumtosha hata mtoto, na watu walikufa njiani kwa njaa na homa ya chawa. Ndani ya ukuta huo mwanahistoria mmoja, Emanuel Ringelblum, aliunda kundi la siri la kuandika habari za kila jambo. Kwa kuwa walikutana siku ya Sabato, walijiita Furaha ya Sabato. Walikusanya vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa jalalani: kadi za chakula, tiketi za tramu, karatasi za peremende, matangazo ya michezo, insha za watoto wa shule. Walijua kuwa mwuaji, akiachiwa, atakuwa pia msimulizi wa habari za wale aliowaua.

Tarehe 22 Julai mwaka 1942 Wajerumani walianza kuwapakia watu wa geto katika mabehewa ya mizigo. Kila siku walichukuliwa maelfu. Mapema mwezi wa Agosti mwalimu mmoja wa kundi lile, Israel Lichtensztajn, alishuka na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake katika chumba cha chini ya shule, namba 68 mtaa wa Nowolipki. Mmoja ni Dawid Graber, wa miaka 19. Wa pili ni Nachum Grzywacz, wa miaka 18. Umri wao si mbali na wako, msomaji. Walifukia humo masanduku 10 ya bati yenye karatasi hizo, na kabla ya kuyafukia kila mmoja aliandika wasia. Graber aliandika kwamba angetamani kuishi mpaka wakati wa kufukuliwa kwa hazina ile, ulimwengu upate kuijua kweli. Mwalimu aliomba wakumbukwe mkewe, aliyekuwa mchoraji, na binti yao wa miezi 20. Grzywacz aliandika kwamba amesikia mtaa wa wazazi wake umezingirwa, naye anakwenda mbio kuwatazama. Kisha aliomba jina lake likumbukwe.

Hakuna hata mmoja wao aliyeiona siku waliyoitamani. Mwezi wa Septemba mwaka 1946 mtu mmoja wa kundi lile aliyenusurika aliwaongoza wachimbaji mpaka mahali pale, palipokuwa lundo la matofali, na masanduku yakapatikana, maji yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Sehemu ya pili, iliyozikwa mwezi wa Februari mwaka 1943 katika mikebe miwili ya maziwa, ilipatikana mwezi wa Desemba mwaka 1950. Kurasa zote zilizookolewa ni kama 35,000. Mkebe mmoja nimeuona kwa macho yangu. Ni wa chuma, umeliwa na kutu, na umbo lake ni lile lile la mikebe ambayo wakulima wa kwetu hubeba maziwa alfajiri. Wenzangu walitangulia chumba cha pili, mimi nikabaki.

Siku ya tatu tulikwenda Treblinka, kama kilomita 80 kutoka Warsaw, ambako magarimoshi yale yalikuwa yakielekea. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliouawa huko ni kati ya watu 700,000 na 900,000. Tulishuka katika basi, tukapita miti ya misonobari, tukafika uwandani. Mwenzetu mmoja aliuliza majengo yako wapi. Bibi alionyesha ardhi kwa kidole. Mwaka 1943 Wajerumani waliyabomoa yote, wakalima, wakapanda mbegu za lupini, mmea wa jamii ya kunde, ili mpita njia adhani hapa ni shamba. Leo pamesimama mawe 17,000 yaliyochongoka, mengine yameandikwa majina ya miji ambayo Wayahudi wake waliletwa hapa. Jiwe lenye jina la mtu ni moja tu: Janusz Korczak, tabibu na mwandishi aliyelea mayatima. Alipata nafasi za kujiokoa akazikataa, akaenda na watoto wake wapatao 200 mwezi wa Agosti mwaka 1942. Watu humsifu yeye peke yake. Kwa maoni yangu ni haki kumtaja pia Stefania Wilczyńska, aliyeiendesha nyumba ile pamoja naye kwa miaka 30, akaenda katika safari ile ile.

Juu ya Auschwitz nitasema machache, maana ndiko kunakoandikwa sana. Watu milioni 1.1 waliuawa huko, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Umati wa wageni ulikuwa mkubwa, na wengine walijipiga picha wakicheka, sikupendezwa. Nakumbuka masanduku ya safari yaliyoandikwa majina kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kwa mkono wa wenyewe, ili yasipotee.

Siku ya mwisho tulizunguka mtaa wa Kazimierz katika mji wa Kraków, wenye masinagogi ya karne nyingi. Madukani niliona vinyago vya Myahudi anayehesabu fedha, vikiuzwa kuwa vya kuleta bahati. Ni biashara ya aibu. Lakini katika nyumba moja kuukuu bibi alitushikisha mwimo wa mlango, tukaona alama iliyoinama, urefu wa kidole. Hapo palipigiliwa kijaluba chenye maneno ya Torati, ambacho Myahudi hukigusa aingiapo na atokapo. Mwimo umepakwa rangi mara nyingi, shimo halijazibika.

Katika garimoshi la kurudi Warsaw nilimwuliza kama karatasi za Ringelblum zimepatikana zote. Alisema bado. Sehemu ya tatu ilizikwa mwezi wa Aprili mwaka 1943 katika mtaa wa Świętojerska, imetafutwa, haijaonekana. Aliniambia kwamba hata sasa, apitapo mtaa ule akaona mafundi wanachimba mtaro wa bomba, husimama kidogo akatazama udongo unaotoka.