Simba, Ngozi ya Kondoo na Hela za Bibi

Sarafu zangu ni kumi na moja, na hakuna hata moja ya Wagiriki wala ya Warumi. Nasema hivi mapema kwa sababu kila nikitaja kwamba napenda sarafu za kale zenye picha za visasili, wenzangu darasani huniuliza nimezipata wapi hapa Buyenzi. Sikuzipata. Huzitazama kwenye simu usiku, katika picha ambazo makumbusho makubwa ya London na Paris yamezifungulia watu wote. Zile ninazoweza kuzishika mkononi ni za huku kwetu: hela za Kijerumani zenye tundu katikati, faranga mbili za Kongo ya Wabelgiji za mwaka 1943 zenye pembe sita na tembo, na vifaranga vya shaba ya njano vyenye simba, vya benki iliyohudumia Rwanda na Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyingine zimechakaa mno, hazifai hata kutajwa.

Iliyonifungua macho ni sarafu ya Alexander wa Makedonia, ile ya drakma nne, ya fedha, yenye uzito wa gramu 17 hivi. Upande mmoja kuna kichwa cha Herakles. Amevaa ngozi ya simba. Taya la simba limemkaa kichwani kama kofia, na miguu ya mnyama imefungwa fundo shingoni. Upande wa pili Zeus ameketi, tai yuko mkononi mwake. Kisa chenyewe wengi wetu tunakijua: simba wa Nemea alikuwa na ngozi isiyopenya chuma, Herakles akamkaba kwa mikono hadi akafa, kisha akamchuna kwa makucha yake mwenyewe yule simba. Wafalme wa Makedonia walidai kuwa wametokana na Herakles. Kwa hiyo askari aliyelipwa mshahara wake Misri au Babeli alikuwa anashika kiganjani nasaba ya bwana wake, hata kama hajui kusoma herufi moja. Ndicho ninachokipenda katika sarafu hizi. Kitabu husubiri msomaji, lakini sarafu huingia sokoni, ikapita kwa muuza samaki na kwa mtoza ushuru, na kisasili kikaenda nayo.

Na mimi ni Mrundi. Siwezi kumwona mtu aliyevaa ngozi ya simba nisimkumbuke Ntare Rushatsi.

Kwa wasomaji wa nje ya Burundi: Ntare ndiye anayesimuliwa kuwa mfalme wa kwanza, mwanzilishi wa ufalme wetu, na jina lake linatokana na neno la Kirundi la simba. Jina lake jingine ni Cambarantama, yaani aliyevaa ngozi ya kondoo. Herakles ni mtu aliyejivika simba. Ntare ni simba aliyejivika kondoo. Nilipolisema hili katika semina ya fasihi simulizi, mabishano yalihamia haraka kwenye istilahi: je, hiki ni kisasili au kisakale? (Tulipoteza dakika arobaini. Nadhani kila idara ya Kiswahili duniani imewahi kuzipoteza dakika hizo.)

Swali gumu zaidi ni alikotoka. Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi ya kihistoria ya Burundi na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1972, aliyaonyesha makundi mawili makubwa. Kundi moja linamleta Cambarantama kutoka kaskazini, upande wa Kanyaru na Rwanda. Jingine linamtoa kusini-mashariki, Nkoma, upande wa Buha. Mgeni anaweza kuyachukua kama matoleo mawili ya hadithi, akaendelea na chai yake. Kwetu si hivyo. Katika nchi ambamo swali la nani alitoka wapi limeua watu, kisa cha mfalme wa kwanza hakijawahi kuwa cha watoto peke yao. Baba yangu, nikianza kuyazungumza mezani, hunyamaza, halafu huuliza kama nimeshapiga pasi shati la kesho.

Ndiyo maana nilianza kujiuliza kuhusu vile vifaranga vyenye simba. Ni simba wa nani? Mhadhiri mmoja alinikatiza mapema: simba ni nembo ya Ubelgiji tangu zamani, usimtafute Ntare pasipo na Ntare. Hoja yake ni nzito. Tena hata Wajerumani waliotangulia waliweka simba na mnazi kwenye rupia zao za mwaka 1890, nao hawakuwa wakimwaza Rushatsi. Lakini mimi sikubali kwamba maana ya picha inakaa kwa mchoraji tu. Faranga ile ilipofika Muramvya, nyumbani kwa wafalme, mkononi mwa mzee ambaye majina ya wafalme wake yanazunguka Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, alikuwa anaona Brussels? Sidhani. Sarafu ina pande mbili kwa kuchongwa, na ya tatu ni ya mshikaji.

Ngoma nayo ina habari yake. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Bendera ya nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1962 ilikuwa na ngoma takatifu, Karyenda, katikati. Jamhuri ilipotangazwa Novemba 1966, ngoma ikaondolewa na mtama ukabaki. Wagiriki na Warumi walifanya yayo hayo kwenye fedha yao: akija mtawala mpya, miungu huhamishwa. Aksum, hapa hapa Afrika, ilichapisha sarafu zenye mwezi mwandamo na duara, kisha katika karne ya 4 mfalme Ezana alipoingia Ukristo msalaba ukachukua nafasi. Wenzetu wa Kilwa walikwenda njia nyingine kabisa: sarafu zao za shaba hazina picha ya kiumbe, zina maneno ya Kiarabu tu, na maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Sarafu yenye vina! Mwanafunzi wa ushairi anahitaji nini zaidi? Tano kati ya sarafu za Kilwa ziliokotwa na askari mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sasa nije kwenye hela zenyewe. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika Heller 100, na Urundi ilikuwa ndani ya koloni hilo. Ujerumani ilifukuzwa mwaka 1916, Heller zikakoma, neno likabaki: Waswahili wakasema hela, Warundi tukasema amahera. Bibi yangu anazo mbili za tundu, alizopewa na mama yake. Alivalishwa moja kiunoni kwa uzi alipokuwa mchanga, kwa ajili ya kinga. Nilipomweleza kwamba neno amahera limetoka katika kile kipande alichovaa, alicheka sana, akasema basi amewahi kuwa tajiri kabla ya kuota meno.

Mwezi wa pili mjomba alikuja na dalali. Kuna mgeni anayenunua sarafu za zamani, na kwa hela mbili za Bibi alikuwa tayari kutoa faranga 120,000. Mdogo wangu wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minerivali. Hapo hakukuwa na semina. Nilianza kueleza kuhusu kinga na jina la fedha, mjomba akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Mwanangu, hayo yote mtoto atayapeleka kwa mkuu wa shule?"

Bibi ndiye aliyeamua, maana ni zake. Alisema kilichovaliwa mwilini hakiuzwi, lakini cha mfukoni ni cha mfukoni. Akanitazama mimi. Nikaleta kopo langu. Dalali alizigeuza zote moja moja, akachagua tembo watatu wa pembe sita na simba wawili waliokuwa bado wanang'aa, akalipa faranga 70,000. Zilizobaki mjomba aliziongeza, na Jumatatu mdogo wangu alikuwa darasani.

Kabla sijavitoa vile vifaranga viwili niliweka karatasi juu yake na kupitisha penseli ya risasi, kama tulivyofanya utotoni, hadi simba akatokea. Karatasi ipo ndani ya daftari la fasihi simulizi, ukurasa wa Cambarantama. Dalali amesema atarudi mwezi wa saba kuulizia tena zile zenye tundu.