Mchagua Nazi: Binti wa Mukumu Baina ya Vyuo Viwili

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu mwenye pupa ya kuchagua hadi akaishia na kisichomfaa. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa anayeonywa ni yule aliye na nazi nyingi mbele yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kenya aliyefuzu kuingia chuo kikuu hakuwa na cha kuchagua ndani ya nchi yake. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 1970, kilibaki chuo kikuu pekee cha umma hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka wa 1984. Mwaka wa 1991, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoko Baraton, katika nyanda za Nandi, kikawa chuo cha kibinafsi cha kwanza kupewa hati na serikali. Chuo cha Daystar nacho kilipewa hati mwaka wa 1994. Vyuo hivi viwili vya kanisa vilileta mtindo uliokuwa mgeni kwa wengi: mwanafunzi husoma taaluma kadhaa kwa pamoja, kama vile fasihi, historia, sayansi na dini, kabla ya kuzama katika moja. Ndipo ubishi wa chuo kidogo na chuo kikubwa ulipoanza kuingia katika nyumba za wazazi wa kawaida.

Mukumu ni mahali panapofaa kuutazama ubishi huo. Kituo hicho cha misheni kiko kando ya barabara itokayo Kakamega kuelekea Kisumu, karibu na soko la Khayega. Wamisionari wa Kikatoliki walifika hapo mwaka wa 1906, na kanisa, shule na hospitali zikaota mizizi. Mzazi wa Mukumu, kwa hiyo, haulizi iwapo mtoto asome. Swali lake ni asome wapi, na nani atalipa.

Mapema mwaka wa 2024, matokeo ya mtihani wa KCSE wa mwaka uliotangulia yalipotangazwa, binti mmoja wa hapo alijikuta na alama ya B+ na ndoto ya kuwa mwalimu wa Kiswahili. KUCCPS, idara inayowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, ilimpa nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu kikubwa cha umma, mbali na nyumbani. Kabla barua hiyo haijakauka wino, ikaja ya pili. Mama yake, kupitia marafiki wa kanisani, alikuwa amemwombea nafasi katika chuo kidogo cha kibinafsi ambacho kilikubali kumpunguzia sehemu ya karo.

Mama alikuwa na hoja, na hoja zake hazikuwa nyepesi. Binti huyo alikuwa amelelewa katika shule ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu mkuu alimjua kila mmoja kwa jina na kwa jina la mzazi wake. Katika chuo kidogo, mama alieleza, mhadhiri atajua kuwa hukuja darasani jana na atauliza kwa nini. Insha yako itasomwa yote, na makosa yako ya upatanisho wa kisarufi yatapigiwa mstari moja baada ya jingine. Utajifunza na mambo mengine pia, maana mwalimu wa Kiswahili asiyejua historia ya pwani wala kusoma jedwali la takwimu ni mwalimu nusu.

Baba aliyasikiliza hayo yote kwa utulivu. Kisha akatoa kalamu na karatasi.

Hapa ndipo ubishi wa ukubwa na udogo ulipogeuka kuwa ubishi wa hesabu. Tangu mwaka wa 2023, serikali ya Kenya iliacha kuvipa vyuo vya umma ruzuku bila kuangalia uwezo wa familia ya mwanafunzi. Badala yake, familia hupimwa uwezo wake na kuwekwa katika kundi, kisha gharama ikagawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali, mkopo kutoka HELB, na mchango wa mzazi. Utaratibu huo umepingwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa unakiuka katiba, na mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo. Lakini mwaka ule binti alipokuwa akiamua, sheria ya mchezo ilikuwa dhahiri: fungu la ufadhili lilimfuata mwanafunzi aendaye chuo cha umma, si yule aendaye chuo cha kibinafsi. Kwa hiyo, hata baada ya kupunguziwa karo, chuo kidogo kingedai kutoka kwa familia fedha nyingi kuliko chuo kikubwa, na kingezidai kwa miaka minne mfululizo.

Baba alikuwa na njia moja tu ya kupata kiasi hicho kwa mkupuo. Alikuwa na fahali wa kupiganishwa. Asiyekulia miongoni mwa Waisukha na Waidakho huenda akamwona fahali kuwa nyama na ngozi. Wao humwona kuwa jina la mwenyewe. Hulishwa kwa uangalifu, husindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, na akishinda hurudi nyumbani na kijiji kizima. Baba hakusema hatamuuza. Alimwita bintiye 'mama', kama alivyozoea kwa sababu amepewa jina la bibi yake mzaa baba, akasema: "Mama, fahali atalipa mwaka wa kwanza. Niambie mwaka wa pili nitauza nini, na wadogo zako wawili bado wako shuleni."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mama mwenyewe alikaa kimya, akaikunja barua ya pili na kuirudisha katika bahasha.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kuwa binti alikwenda chuo kikubwa kwa sababu ya umaskini peke yake. Chuo kikubwa nacho kina heri zake. Idara yake ya Kiswahili huwa na wataalamu wa isimu, wa fasihi simulizi, wa ushairi na wa tafsiri chini ya paa moja. Maktaba yake huwa na tasnifu zilizoandikwa na waliotangulia, na njia ya kuelekea shahada ya uzamili huanzia katika korido ileile. Zaidi ya hayo, humo hukutana Mmijikenda na Mturkana, Mkisii na Mswahili wa Lamu, na kila mmoja huja na Kiswahili chake. Mwanafunzi wa lugha hawezi kutamani darasa bora zaidi ya hilo.

Tukiitazama historia, tunaona kuwa njia zote mbili zimewahi kuzaa matunda. Mwaka wa 1960 Wangari Maathai, aliyetoka katika shule ya wasichana ya Kikatoliki huko Limuru, alipelekwa Marekani katika chuo kidogo cha watawa, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Alihitimu mwaka wa 1964, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kisha akapata shahada ya uzamifu Nairobi mwaka wa 1971. Alianza kwa udogo akamalizia kwa ukubwa. Kwa upande wa Kiswahili, marehemu Ken Walibora alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaenda Ohio State, mojawapo ya vyuo vikubwa kabisa vya umma nchini Marekani. Euphrase Kezilahabi naye alitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaenda Wisconsin. Na Shaaban Robert, ambaye kazi zake husomwa katika vyuo vyote hivi, vikubwa kwa vidogo, hakusoma chuo kikuu chochote. Ni dhahiri, basi, kuwa lango halimfanyi msomi, ijapokuwa lango laweza kumfungia nje.

Binti alikwenda chuo kikubwa. Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu, naye hakuuficha ugumu huo alipozungumza na mama yake kwa simu. Kozi za pamoja zilifundishwa katika kumbi ambamo waliochelewa walisimama madirishani wakinakili walichoweza kusikia. Kazi zilirudi zikiwa na alama na bila neno la maelezo. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa nambari ya usajili. Yale yote ambayo mama alimwonya juu yake yalimkuta.

Kilichomnusuru ni chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Siku moja alihudhuria mjadala wa chama, akauliza swali kuhusu riwaya iliyokuwa ikijadiliwa, na mlezi wa chama akamuuliza jina lake na anakotoka. Juma lililofuata akapewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao. Kisha mwanafunzi wa mwaka wa nne akaisoma insha yake mstari kwa mstari, akiipiga mistari myekundu jinsi mama alivyosema wahadhiri wa chuo kidogo wangefanya. Ndani ya chuo kile kikubwa alikuwa amekipata chuo kidogo, na hakikumdai baba yake hata shilingi moja.

Hili ni jambo la kutafakariwa na idara zetu. Wazazi wengi hawachagui kati ya vyuo viwili. Mfuko huwachagulia. Ikiwa mtoto wa mkulima atakwenda chuo kikubwa apende asipende, basi wajibu wa kukipunguza chuo hicho hadi kifikie kimo cha mtu unatuangukia sisi tuliomo. Mhadhiri hawezi kusoma insha mia tatu kwa makini yaleyale, lakini wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaweza kugawana insha za wa mwaka wa kwanza. Vikao vya chama visigeuke kuwa mahali pa kugombea vyeo tu. Na vyuo vidogo navyo vingefaidika kwa kuwaalika wanafunzi wao katika makongamano ya vyama hivi, maana palipo na mhadhiri mmoja au wawili wa Kiswahili, sauti za nje ni chakula.

Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hakuna mchezaji wa Isukha anayeuliza ipi bora. Huuliza tu iwapo zote zimefika. Fahali yule bado yuko Mukumu, na wadogo wawili wa binti wangali shuleni. Watakapofika mlangoni pa chuo kikuu, pengine sheria za karo zitakuwa zimebadilika tena. Lakini swali la mama yao litakuwa lilelile: ni nani huko atakayemjua mwanangu kwa jina? Wenye kulijibu ni sisi.